Dada, Huko Chini Unabeba Nini?

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mliopangwa mstari wa mbele bila kuulizwa, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini, na nimeambiwa baada yangu ni mapumziko. Kwa hiyo najua ninashindana na nini.

Mimi ni mhandisi wa migodi, na tangu nianze kuzungukia shule kuna swali moja nimeulizwa kuliko mengine yote. Si la mshahara, ingawa nalo halikosekani. Hulileta msichana wa viti vya nyuma, mara nyingi baada ya wenzake kutoka: "Dada, huko chini unabeba nini?" Huku ananiangalia mikono. Anatafuta sugu.

Basi leo nimekuja na mkoba wenyewe. Huu hapa. Daftari lisilolowa maji. Kalamu mbili, maana moja lazima itadondoka mahali isipookoteka. Kipimagesi hiki kinaning'inia kifuani na kupiga kelele hewa ikiharibika. Kipimaupepo, hiki chenye pangaboi dogo kama la mchezo wa watoto. Kiunoni huwa kuna kopo la chuma la kuokolea pumzi, la kukuwezesha kupumua kwa muda moshi ukitanda ili ufike mahali salama. Na mfukoni, uzi. Uzi huu wa kushonea mnaoujua. Nitafika kwenye uzi.

Ndiyo mizigo yangu hiyo. Sijawahi kubeba jiwe kubwa kuliko la kuingia kiganjani, na hilo nililibeba kwa sababu lilikuwa zuri.

Watu wengi wakisikia "mgodi" wanaona mtu na sururu. Uchimbaji wa namna hiyo upo, na wanaoufanya ni watu jasiri mno. Lakini mhandisi migodi kazi yake ni nyingine. Mwanajiolojia akishasema mbale, yaani mwamba wenye madini, iko hapa, ina umbo hili na imelala kwa pembe hii, mhandisi anaanza kujiuliza. Tutaifikia kwa shimo la wazi au chini kwa chini? Mwamba wa juu utajishikilia wenyewe au utahitaji nondo? Maji yakitokea tutayatoa kwa pampu zipi? Hewa itaingilia wapi na kutokea wapi? Tutalipua lini, watu wakiwa wapi? Na siku tukimaliza, tutauachaje huu mlima? Maswali yote hayo hujibiwa mezani kwanza, kwa penseli na kompyuta, kabla ya mtu mmoja kuvaa buti.

Nitawachukulia moja tu kati ya hayo, kwa sababu ndilo ninalolipenda. Hewa.

Chini ya ardhi hakuna dirisha. Kila pumzi inayovutwa huko imepelekwa na mtu, kwa feni aliyoichagua, kupitia njia aliyoichora. Hapa tulipo hewa ina oksijeni karibu asilimia 21 na hakuna anayeifikiria. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe, makaa yenyewe hutoa gesi ya methani. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa, ni haba mno kulipuka. Ikizidi asilimia 15, oksijeni iliyobaki haitoshi. Kati ya 5 na 15 cheche moja yaweza kulipua na kuua zamu nzima. Halafu kuna joto, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa moto. Mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, umefika karibu kilomita 4 kwenda chini, na mwamba wa huko una joto la zaidi ya nyuzi 60. Hutaweza kuuegemea. Wahandisi wanashusha barafu iliyosagwa ili kupoza hewa ya wafanyakazi. Barafu, kilomita kadhaa chini ya ardhi! Mtu alikaa akapiga hesabu ni barafu kiasi gani.

Sasa tupige ya kwetu. Nani ana kalamu? Mashine ya kuzolea mbale, loda, ina injini ya dizeli ya kilowati 250. Injini hiyo inatoa moshi, na kanuni inayotumika katika migodi mingi inataka takriban mita za ujazo 0.06 za hewa safi kwa sekunde kwa kila kilowati. Zidisha. Naam, 15. Mita za ujazo 15 kila sekunde, kwa mashine moja.

Nyingi au kidogo? Tulinganishe na darasa. Chukulia lina urefu wa mita 8, upana 7, kimo 3. Hizo ni mita za ujazo 168. Gawa kwa 15, unapata sekunde 11 na kidogo. Maana yake, ili loda ile moja ifanye kazi bila kuwadhuru watu, ni kama kuitoa hewa yote ya darasa zima na kuingiza nyingine kila baada ya sekunde 11. Daftari zote zingepaa.

Subirini, utamu wake uko mbele. Meneja anakuja kwako na kusema, injinia, tunaongeza loda, tupe hewa maradufu kwenye njia ileile. Unamwambia sawa, lakini shinikizo la kusukuma hewa linakua kwa mraba wa hewa yenyewe. Hewa mara mbili, shinikizo mara nne. Na umeme ni shinikizo mara hewa, kwa hiyo nne mara mbili, nane. Umeme mara nane! Meneja anakaa kimya. Pengine ni nafuu kuchimba njia pana zaidi, au kununua loda ya betri isiyotoa moshi. Mazungumzo hayo yanahamisha fedha nyingi sana, na yote yamesimama juu ya kitu ambacho ninyi mmeshafundishwa, kipeo cha pili na kipeo cha tatu.

Sasa uzi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa njia moja inayochimbwa, yenye mwisho uliofungwa, ile ambayo hewa haipiti bali hupelekwa kwa bomba refu la turubai. Nikapiga hesabu zangu vizuri: feni hii, urefu huu, mita za ujazo 15. Nikaandika ripoti, nikaipeleka, ikapokelewa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata kazi juzi. Siku mbili baadaye nikashuka. Alikuwapo mzee mmoja wa zamu, mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Binti, ile hewa yako iko wapi? Mimi sijaiona." Nikaanza kumweleza hesabu. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Kisha akavuta uzi uliokuwa umefumuka kwenye mkono wa shati lake, akaukata kwa meno, akaushika juu kwa vidole viwili mbele ya uso wangu, na taa yake ikiumulika.

Uzi ulining'inia. Haukutikisika.

Turubai lilikuwa limechanika sehemu mbili kwenye maungio, mita mia moja nyuma yetu, na hewa yote ilikuwa inamwagikia huko. Nilipopima kwa chombo, 15 zangu zilikuwa 6. Hesabu ilikuwa sahihi kwa bomba zima, ila bomba zima halikuwepo. Tukazima mashine, tukawatoa watu wote, kazi ikasimama karibu zamu mbili. Jioni yake ofisini kuna mwenzetu mmoja alisema, si kwa sauti ya kunificha, kwamba ndiyo matokeo ya kuleta wasichana. Mzee yule alikuwa mlangoni anasaini karatasi. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Turubai lililopasuka halijui nani alilipigia hesabu."

Toka siku hiyo akawa ananiita injinia. Nami toka siku hiyo nabeba uzi, na sijawahi tena kuandika kiasi cha hewa ambacho sijakisimamia mwenyewe. Chombo kinatoa tarakimu, na tarakimu ndizo za kuandika. Uzi ni wa kunikumbusha kwenda kuangalia.

Neno dogo hapo. Sehemu kubwa ya kazi hii ni ujasiri wa kusema simama, huku wenye mali wakihesabu hasara ya kila dakika. Mwaka 2007 Cynthia Carroll, mwanajiolojia, alichukua uongozi wa kampuni kubwa ya migodi ya Anglo American, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Vifo vya wafanyakazi vilikuwa vikifuatana kwenye migodi ya platini ya Rustenburg, Afrika Kusini. Mwaka huohuo akausimamisha mgodi kwa wiki saba ili utaratibu wa usalama upitiwe upya na watu wapewe mafunzo. Mgodi wa ukubwa ule. Wapo waliomwona hajui biashara. Mimi nikifikiria wiki zile saba nawafikiria watu waliorudi makwao wakiwa hai bila hata kujua kwamba ilikuwa wasirudi.

Nigeukie jambo ambalo mtaambiwa, kama hamjaambiwa bado. Mgodi si mahali pa mwanamke. Wengine wataongeza kwamba mwanamke akiingia mgodini analeta mkosi, mbale inapotea. Imani hiyo nimeikuta kwa watu wa mabara tofauti ambao hawajawahi kuonana, jambo linalonichekesha hadi leo. Mara yangu ya kwanza kuingia kwenye lifti ya mgodi, mwanamume mmoja alitoka, akasubiri lifti inayofuata. Alichelewa kazini kwa ajili yangu. Nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kusini, wachimbaji wana mtakatifu wao wa kuwalinda, sanamu yake huwekwa mlangoni mwa mgodi, na kila tarehe 4 Desemba wanamfanyia sherehe. Jina lake ni Barbara. Mwanamke! Wamempa mwanamke awalinde wote, kisha wanamwogopa mhandisi mwenye daftari.

Lakini tuliache la mkosi, tuangalie historia, kwa sababu historia inasema kitu ambacho sikutarajia nilipoanza kuisoma.

Wanawake na wasichana walikuwa migodini tangu zamani. Huko Uingereza, kwenye makaa ya mawe, wasichana wadogo kuliko ninyi walikuwa wakivuta mikokoteni ya makaa kwa kutambaa, mkanda kiunoni na mnyororo katikati ya miguu, kwenye njia ambazo mtu mzima hawezi kusimama. Tarehe 4 Julai 1838, kwenye mgodi wa Huskar kijijini Silkstone, ilinyesha mvua kubwa ya radi. Watoto walikuwa wakijaribu kutoka kupitia njia ya mteremko. Kijito kikafurika, maji yakaingia njiani humo, yakawabana kwenye mlango wa kuongozea hewa. Walikufa watoto 26, na 11 kati yao ni wasichana.

Sheria ikaja mwaka 1842. Iliwatoa wanawake na wasichana wote chini ya ardhi, pamoja na wavulana walio chini ya miaka 10. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara namuona mhandisi ndani yangu akinyoosha mkono. Kilichoua watoto wale ni maji yaliyokuwa na njia ya kuingia na hayakuwa na njia ya kutoka, na mlango uliokuwa mahali pabaya. Ni tatizo la kupitisha maji na hewa. Kuwatoa watoto migodini lilikuwa jambo la haki, na hakuna wa kubisha. Ila kwa wanawake watu wazima, wakubwa waliona ni rahisi kuwafukuza kuliko kutengeneza njia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 45 wa mwaka 1935, ukaja kupiga marufuku kuwaajiri wanawake kwenye kazi za chini ya ardhi migodini, na nchi nyingi zikaufuata. Umefutwa rasmi lini? Mwaka 2024. Ninyi mlikuwa mmeshajua kusoma na kuandika.

Basi mkiambiwa kwamba kazi ya mgodi inahitaji misuli ndiyo maana wanawake hawamo, ulizeni tu: wakati ilipokuwa ya misuli kweli, ya kutambaa na mnyororo, nani alikuwa anavuta? Wasichana walikuwemo. Leo imegeuka kuwa kazi ya kalamu, na bado wanaambiwa hawaiwezi.

Nisiwadanganye kwamba sasa kila kitu ni laini. Mgodi wa kwanza nilioajiriwa buti ndogo kuliko zote zilikuwa za kiume, na kwangu zilikuwa kubwa kwa namba mbili. Nikawa navaa soksi tatu. Buti kubwa si aibu ya mavazi, ni kujikwaa kwenye ngazi yenye maji. Ovaroli zilikuwa za kipande kimoja, zile za zipu kutoka shingoni. Wasichana mnaonielewa mmeshacheka. Kwenda msalani maana yake ni kuvua kofia, mkanda wenye betri na lile kopo, kisha ovaroli lote, mahali penye giza na baridi ya feni, na msala wenyewe uko mwendo wa robo saa kwa miguu. Nikawa sinywi maji zamu nzima. Mpaka siku nilipopata kizunguzungu kwenye joto, nikagundua nimeanza kuwa hatari kwa wenzangu. Ndipo nikaandika barua. Barua ya msala! Mhandisi mwenye shahada. Ilichukua miezi, ikapita meza nyingi, na mmoja wa wakubwa akaniuliza kama sina mambo ya maana zaidi ya kuandika. Ovaroli za vipande viwili zikaja mwishowe, na walioshangilia zaidi ni wanaume. Nao walikuwa wanateseka, ila hakuna aliyekuwa amesema.

Na mengine niyataje haraka. Zamu za usiku zipo. Kukaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa kupo. Ukipata ujauzito unahamishiwa kazi za juu, na kuna waajiri wanaokurudisha nafasi yako vizuri na wengine unawapigania. Mume, mtoto, mama mkwe, hayo mtapanga wenyewe kama wanavyopanga wauguzi na askari na kila anayefanya kazi ya zamu. Mimi nimeyapanga. Kuna siku yamenishinda.

Safari iliyopita msichana mmoja alinisimamisha kwa swali zito zaidi. Alisema, "Mimi nasoma sana, lakini sitaki kazi ya kuharibu ardhi." Nilimpenda papo hapo. Nikamweleza habari ya Brumadinho, nchini Brazil. Ukishasaga mbale na kutoa madini, hubaki tope. Tope hilo huwekwa nyuma ya ukuta, kwenye bwawa la topesumu. Tarehe 25 Januari 2019, ukuta wa bwawa moja la mgodi wa chuma huko Brumadinho ulivunjika. Mchanga uliolowa, uliokuwa umekaa kimya miaka mingi kama udongo mgumu, ukageuka ghafla kuwa mithili ya maji, ukatiririka kuelekea kwenye ofisi za mgodi na bwalo la chakula, saa ya chakula. Walikufa watu 270.

Ukuta ule ulijengwa kwa mtindo wa kupandisha kila tuta jipya juu ya tope la zamani. Ni mtindo wa bei nafuu. Unafanya kazi mradi maji yaliyomo ndani yanatolewa. Yasipotolewa, umejenga juu ya uji. Sasa, nilimuuliza binti yule, unadhani nani anatakiwa awe kwenye chumba kile wakati wanaamua kujenga tuta jingine? Mtu asiyejali ardhi? Simu yako ina shaba, dhahabu, lithiamu na tantali. Nyaya za umeme ni shaba, na magari ya betri yanahitaji shaba nyingi kuliko ya petroli. Kwenye migodi mingi ya shaba mwamba hauna hata asilimia 1 ya shaba, kwa hiyo katika kila tani 100 zinazosagwa, zaidi ya tani 99 si shaba, na sehemu kubwa yake hubaki kama tope la kutunzwa. Vitachimbwa tu. Anayeipenda ardhi akikaa pembeni, atachimba mwingine. Sijui kama nilimshawishi. Alisema atafikiria, na kufikiria ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nije kwenye lililonileta hasa, na hapa wazazi na walimu naomba masikio yenu pia.

Mlango wa uhandisi hauko chuoni. Uko hapa shuleni, na unafungwa mapema, siku ya kuchagua masomo. Mwanafunzi akiacha fizikia na hisabati leo, hakuna anayempigia tarumbeta. Anajaza fomu, anaisaini, basi. Miaka minne baadaye anatamani uhandisi, anakuta njia ya kurudi ni ndefu mno. Na nimesikia kwa masikio yangu jinsi mlango huo unavyofungwa. Si kwa ukali, bali kwa upole: "Chagua yale mepesi, mwanangu, usije ukafeli." Mvulana mwenye alama zilezile anaambiwa akazane. Mimi mwenyewe nilipata alama mbaya ya fizikia muhula mmoja, na mwalimu mmoja mwenye nia njema kabisa alinishauri niiache. Aliyeniokoa ni shangazi yangu, ambaye hakusoma fizikia hata siku moja. Aliuliza, "Imekushinda au umechoka?" Nikasema nimechoka. Akasema nenda ukalale, kesho uanze tena.

Najua hisabati inakera pale usipoona inakwenda wapi. Tangenti, kwa mfano. Nani anaichukia tangenti? Mikono mingi, ahsanteni kwa ukweli. Agosti 2010, nchini Chile, wachimbaji 33 walifukiwa kwenye mgodi wa San José karibu na Copiapó, kama mita 700 chini. Hakuna aliyejua kama wako hai. Juu wakaanza kuchoronga matundu membamba kuelekea chumba cha kujihifadhi. Chukueni vikokotoo. Ukikosea pembe kwa nyuzi 1 tu, kwa kina cha mita 700 unaangukia wapi? Mia saba mara tangenti ya 1. Mita 12! Chumba unachokitafuta si kikubwa hivyo. Na mwamba haukai kimya, unalisukuma bomba pembeni unapochoronga, kwa hiyo kila baada ya mita kadhaa lazima upime upya na kurekebisha. Matundu kadhaa yalipita pembeni. Siku ya 17 moja likafika, na bomba lilipovutwa juu lilikuwa na karatasi iliyofungwa, imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba wote 33 wako salama. Walitolewa baada ya siku 69, mmoja mmoja. Wanaume 33 walirudi kwao kwa tangenti, na kwa watu waliokubali kukosea, kupima na kuchoronga tena.

Tena njia si moja. Ukipenda kemia zaidi kuna uchenjuaji, kutenganisha madini na mawe. Kuna upimaji, kuna umeme, kuna wataalamu wa miamba ambao kazi yao ni kuusikiliza mwamba kama daktari anavyosikiliza kifua. Ellen Swallow Richards, Mmarekani, alihitimu kemia katika chuo cha teknolojia cha MIT mwaka 1873, akawa bingwa wa kupima madini maabara, na ndiye mwanamke wa kwanza kupokelewa na taasisi ya wahandisi wa migodi ya nchi yake. Aliingilia mlango wa maabara. Ingilieni wowote mnaoweza.

Naona mwalimu anaangalia saa. Dakika zimebaki chache na mimi nimechoka kuongea, kwa hiyo tufanye kazi. Nahitaji watu watano. Wewe, na wewe wa nyuma uliyekuwa unaniangalia mikono, njoo mbele. Wawili wakapime urefu, upana na kimo cha ukumbi huu. Hii hapa tepu. Fungeni madirisha yote isipokuwa hilo moja, na mlango ubaki wazi. Wewe shika uzi huu katikati ya dirisha, vidole viwili, usipumue juu yake. Unatikisika? Kidogo? Kuelekea ndani au nje? Haya, sasa chukua kipimaupepo, kishike hapohapo kwa dakika nzima, kisha sehemu nyingine nne za dirisha, maana hewa haipiti sawa kila mahali. Tutazidisha kasi kwa eneo la dirisha, tujue ukumbi huu unabadilisha hewa kila baada ya dakika ngapi, na kama ingekuwa mgodini ningewaruhusu mkae.

Nani anaandika?